Mninga wa Mzee Abdulkarim

Ukifika Mlandege, mjini Iringa, ukamtafuta Asmaa binti Abdulkarim, huhitaji kutaja ukoo. Sema tu unamtaka yule Bi Asmaa wa pilau, nawe utaonyeshwa nyumba ya zamani yenye baraza la saruji nyekundu na mlango wa mbao usiopakwa rangi. Hakuna harusi ya Waislamu pale mjini iliyofana bila mkono wake, na hata Walutheri na Wakatoliki walimwita wakiwa na shughuli zao, kwa sababu wali wa Asmaa haushikani wala haukauki.

Mama yao alifariki mdogo wake, Ruwaida, hajaanza kutembea. Asmaa ndiyo kwanza alikuwa amemaliza darasa la saba. Baba yao, Mzee Abdulkarim, mtu wa asili ya Kilwa aliyekuja nyanda za juu akiendesha lori la watu wengine mpaka akapata lake mwenyewe, alikuwa njiani siku nyingi kuliko alizolala nyumbani. Kwa hiyo Asmaa alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kanga na kupika naye. Ruwaida alijifunza kusema akiwa mgongoni pale, na watu husema neno lake la kwanza lilikuwa "moto."

Asmaa aliolewa Makambako, akakaa miaka michache, hakujaliwa mtoto, akaachwa. Aliporudi Mlandege hakulia sana. Alimkuta Ruwaida yuko sekondari, hana sare nzuri wala mtu wa kumuuliza amekula nini. Akaanza kupikia watu. Pilau hiyo ndiyo iliyomsomesha Ruwaida mpaka chuo cha uhasibu Mbeya, na pilau hiyo hiyo ikapikwa siku Ruwaida alipoolewa na Farhan, mfanyabiashara wa vipuri vya magari pale Uyole. Siku ile Asmaa hakukaa ukumbini hata kidogo. Alikuwa nyuma na masufuria, akifurahi peke yake.

Mzee Abdulkarim alipofariki aliwaachia mabinti wake nyumba ile, na juu ya dari ya stoo aliacha mbao za mninga. Alizileta mwenyewe kutoka upande wa Tabora, moja moja, katika safari zake, enzi ambazo mninga ulikuwa bado unapatikana. Zilikuwa pana, nzito, nyekundu ndani kama nyama iliyokaushwa. Alisema zitakuwa za nyumba atakayojenga. Hakuijenga. Mafundi seremala wa mjini walizisikia habari zake wakaja, mmoja baada ya mwingine, kutaka kuzinunua. Asmaa aliwapa chai, akawajibu neno moja tu: "Za baba hizo."

Basi mwaka juzi, baada ya Ramadhani, Ruwaida alikuja kumtembelea dada yake. Alimkuta jikoni. Lilikuwa jiko la zamani, dirisha dogo, kuta nyeusi, masufuria yamepangwa chini sakafuni kwa kukosa pa kuwekwa. Asmaa alikuwa ameinama akitafuta kawa nyuma ya gunia la mkaa, na alipoinuka alishika kiuno akaguna.

"Dada," Ruwaida akasema, "umeinama maisha yako yote. Safari hii nakujengea jiko."

Asmaa akacheka. "Jiko la nini tena? Hili linapika."

"Jiko la kweli. Makabati ukutani, droo, mahali pa kila kitu. Umenilea, dada. Niache na mimi nikufanyie jambo moja."

Asmaa aligeuka kama anayekoroga sufuria, kumbe alikuwa anaficha uso. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia maneno hayo kwa mtu.

Ruwaida alishajua pa kwenda. Mbele ya Mafinga, kwenye baridi na ukungu wa mashamba ya chai, kulikuwa na nyumba ya mabruda wa Kikatoliki wenye karakana ya useremala. Watu walikuwa wanatoka mpaka Dar es Salaam kuagiza kwao. Hawakutumia zile mbao za kubandika zinazovimba zikipata maji. Hawakupigilia misumari mahali ambapo mbao mbili zingeweza kuungwa kwa kuchongwa zikaingiana. Na hawakukimbizwa. Kengele ya sala ikilia, randa inawekwa chini hata kama mteja amesimama mlangoni na injini ya gari inanguruma.

"Na mbao tunazo," Ruwaida alisema, akiinua macho kwenye dari ya stoo.

Kwa mara ya kwanza Asmaa hakusema kwamba ni za baba. Alisema, "Haya. Baba angefurahi."

Walikwenda wote wawili. Bruda Liberatus, mkuu wa karakana, alikuwa mzee mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliwasalimu "Kamwene" kwa Kihehe, akawakaribisha kwenye benchi. Ruwaida akatoa simu na kuanza kumwonyesha picha za majiko ya Dubai na Uturuki. Bruda alizitazama kwa adabu, kisha akauliza, "Anayepika ni nani?"

"Dada yangu huyu."

"Basi, mama, njoo hapa. Simama kama unakanda unga."

Asmaa aliona haya. Lakini alisimama mbele ya meza ya karakana, akakunja mikono ya gauni, akakanda hewa. Bruda alimtazama mabega, akaweka ubao chini ya mikono yake, akautoa, akaweka mwembamba zaidi. "Hapa?" Asmaa akasema juu kidogo. "Hapa?" Akasema hapo hapo. Alikuwa mwanamke mfupi, na maisha yake yote alikuwa amekandia kwenye meza zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wengine.

Baada ya hapo haya ilimtoka. Alieleza kwamba vitunguu na viazi vinataka kabati lenye mlango wa vijiti ili hewa ipite. Kwamba kawa na chano visimame wima, visilaliane. Kwamba viungo vikae kwenye droo, visikae juani, na droo iwe upande wa kulia kwa sababu mkono wa kushoto ndio unaoshika mfuniko. Akaomba pia ubao wa kuvuta, wa chini, ili siku goti likimsumbua akae kwenye kigoda asukume chapati. Na mbuzi ya kukunia nazi ipate kijumba chake, isiegeshwe tena mlangoni ikamkata mtu. Bruda aliuliza, akasikiliza, akauliza tena. Ruwaida alisimama pembeni akipiga picha na kutabasamu. Asmaa alimwona akitabasamu, akafikiri, mdogo wangu ananionea fahari.

Wiki iliyofuata lori lilikuja Mlandege kuchukua mbao. Asmaa alizipangusa moja moja kwa kanga ya zamani kabla hazijapakiwa.

Ruwaida akapiga simu. "Dada, vunja lile jiko la zamani sasa, ili fundi asakafie na kuweka marumaru mapema. Makabati yakija yakute ukuta safi."

Asmaa akavunja. Dirisha likapanuliwa, masizi yakakwanguliwa, ukuta ukapakwa rangi nyeupe. Kisha akaanza kusubiri. Alihamishia mafiga na jiko la mkaa uani chini ya mabati mawili yaliyoegeshwa, na mvua ikinyesha alikimbilia kwa jirani yake, Faustina, mjane Mlutheri aliyekuwa na jiko dogo la gesi na moyo mkubwa. Chumba cheupe kilibaki kitupu. Mara nyingine Asmaa aliingia humo mikono mitupu, akanyoosha mkono wa kulia mahali patakapokuwa na droo ya viungo.

"Bado tu?" Faustina alimuuliza.

"Mabruda hawakimbizwi," Asmaa alijibu. Ndivyo Ruwaida alivyomwambia kwenye simu, kila alipouliza. Mabruda hawakimbizwi, dada. Mninga wa zamani ni mgumu. Wako kwenye mfungo wao. Kuna mmoja anaumwa.

Ikaingia Juni ya mwaka uliofuata, na Iringa ya Juni haina mzaha. Upepo uliingia chini ya yale mabati, moto ukalala, maji ya kuoshea mchele yakawa yanauma vidole. Watu wa Kihesa walikuja kumwomba apike harusi, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi Asmaa alikataa kazi. Hakuwa na pa kuipikia. Asubuhi ya pili yake alikaanga sambusa, akazifunga kwenye kitambaa, akapanda basi kwenda kuwajulia hali mabruda. Hakumwambia Ruwaida. Hakuwa anamshuku, alitaka tu kumwona yule mgonjwa na kuwaambia wasijali, atasubiri.

Bruda Liberatus alimwona tangu getini, akaweka patasi chini na kumfuata kwa furaha.

"Mama! Kamwene! Umetokaje Mbeya na baridi hii?"

Asmaa alidhani mzee amechanganya. "Natoka Iringa, Bruda. Mlandege."

"Ah, umekuja kutembea kwa watu wa zamani." Bruda alimvutia kigoda. "Enhe, vipi jiko? Ile droo ya viungo haikwami? Mninga ule, mama, kwa miaka hamsini ya kazi sijashika mbao kama zile."

Asmaa alikuwa bado amesimama na kile kitambaa cha sambusa mkononi.

"Jiko liko wapi, Bruda?" aliuliza hatimaye.

Furaha ya yule mzee iliondoka polepole usoni. Alieleza. Makabati yalikwisha zamani, kabla ya Pasaka. Kazi ikiwa katikati, mdogo wake alipiga simu kusema kwamba dada amehamia kwake Uyole, umri umekwenda, hawezi kuishi peke yake tena. Kwa hiyo vipimo virekebishwe vifuate ukuta wa huko, na meza iinuliwe kidogo kwa kuwa watapika wawili. Lori likaja kutoka Mbeya likachukua. Mabruda wawili walikwenda nalo kufunga.

"Walikuulizia," Bruda alisema kwa sauti ndogo. "Wakaambiwa umepumzika."

Asmaa akaketi. Akafungua kitambaa, akamwekea sambusa mbele yake. "Kula, Bruda, zitapoa," alisema. Mzee hakuweza kula. Alianza kuomba radhi, na Asmaa akamzuia kwa mkono, kwa sababu aliona kwamba kama mzee yule angeendelea kumwonea huruma, yeye angepiga kelele mbele ya karakana nzima.

Hakurudi Iringa siku ile. Alilala Mafinga kwa rafiki yake wa zamani, na asubuhi akapanda basi la Mbeya. Njia nzima alimtafutia Ruwaida sababu. Labda anataka kweli nihamie kwake, alifikiri, anaandaa jambo la kunishtua. Labda amenitengea chumba. Alipofika Makambako alikuwa amekaribia kuamini. Alipofika Igawa akawa ameuona mpaka mto na shuka la chumba hicho. Aliposhuka Uyole, katikati ya malori na wanawake wa magunia ya viazi, alikuwa anatembea haraka kama mtu anayengojwa.

Farhan ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mtu wa heshima, asiye na maneno mengi, na alipomwona shemeji yake uso ulimng'aa.

"Dada Asmaa! Karibu, karibu sana. Mbona hukusema nije kukupokea stendi?" Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Na nilikuwa natafuta siku ya kukuambia ana kwa ana, kwa simu haifai. Ile zawadi, dada. Mbao za mzee! Nilimwambia Ruwaida, huyu dada yako si mtu wa kawaida. Mungu akulipe."

Nyuma yake, kwenye kizingiti cha sebule, alisimama Ruwaida. Alikuwa amefunga ushungi vizuri na mkononi ana kikombe. Alimtazama dada yake tu, macho yamemtoka, na Asmaa aliyajua macho yale. Ndiyo yale ya mtoto aliyevunja bakuli, anayesubiri kuona kama atasemwa kwa baba.

Kulikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa kweli. Asmaa alilisikia likiwa tayari kooni. Angelisema, Farhan angejua mkewe ni mtu wa namna gani, na nyumba ile isingekuwa tena nyumba.

"Msijali," Asmaa alisema. "Ilikuwa haki yenu."

Farhan akarudi dukani kwake akiwa ameridhika, akiwaachia nafasi ndugu wawili wazungumze. Asmaa akapita sebuleni, akaingia jikoni bila kukaribishwa.

Lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomuumiza kwanza. Mninga wa baba ulikuwa umefunika ukuta mzima, mwekundu, umepigwa msasa hadi ukawa laini kama ngozi, na maungio ya mbao yameingiana hata huwezi kupitisha ukucha. Akafungua kabati la vijiti la vitunguu. Ndani kulikuwa na viatu vya watoto. Akavuta ule ubao wa chini wa kusukumia chapati, nao ukatoka bila sauti. Juu yake palikuwa pamewekwa chaja na kompyuta ndogo. Droo ya viungo ilikuwa upande wa kulia. Akasimama mbele ya meza, akaweka mikono kama anayekanda unga. Ilimfika karibu na kifua.

"Dada, kaa kwanza unywe chai," Ruwaida alisema nyuma yake.

"Nimevunja jiko langu, Ruwaida. Napika uani na baridi hii."

"Najua. Nilikuwa nataka kukuletea mengine. Kuna duka hapa mjini lina makabati mazuri tu, mepesi, meupe, yanatoka China. Nimeshayaangalia. Wewe uko peke yako, dada. Mninga wote ule chumba cha nyuma Mlandege, nani angeuona?"

Asmaa aligeuka. "Mimi ningeuona."

Ruwaida aliinamisha kichwa. "Hapa wanakuja watu. Wageni wa Farhan, wake wa wafanyabiashara. Kila mmoja ana jiko la maana, na mimi nilikuwa na meza ya plastiki. Huwezi kujua watu wanavyokuangalia."

"Tangu lini? Siku ile kwenye karakana, nilipokuwa nakanda hewa kama mwendawazimu na wewe unapiga picha, ulishajua?"

Ruwaida alikiweka kikombe mezani, akakizungusha, na hilo likawa ndilo jibu.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ungekataa. Kila mtu aliyezitaka zile mbao ulimkatalia."

"Wewe si kila mtu," Asmaa alisema. "Ungesema tu, dada, nazitaka. Ningekupakilia mwenyewe."

Hapo Ruwaida akaanza kulia. Alilia kama alivyolia utotoni, kwa mabega, akangoja mkono uje mgongoni mwake. Asmaa aliusikia mkono wake mwenyewe ukitaka kwenda. Akaushikilia kwa ule mwingine. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka nje, akasimama barabarani na wauza viazi mpaka likapita basi la Iringa lenye nafasi.

Faustina alimuuliza kesho yake, "Makabati yamefika?"

"Yamefika," Asmaa alisema. "Si kwangu." Akamweleza yote, uani pale, akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho. Faustina alikwenda kumtafuta fundi mwashi mmoja, Jailos, akaja naye jioni ile ile. Jailos akajenga meza ya tofali ukutani, akaisakafia kwa saruji, na chini yake akaacha vyumba vitatu vya kuwekea masufuria. Kwa kimo, Asmaa mwenyewe alisimama akamwonyesha.

Saruji haijakauka vizuri, simu ikaita. Alikuwa dereva wa lori, yuko Ipogolo barabarani, ana mzigo wa makabati kutoka Mbeya, anaomba aelekezwe njia ya kupanda Mlandege.

"Meupe?" Asmaa aliuliza.

"Ndiyo, mama. Mapya kabisa, bado yana nailoni."

"Rudi nayo ulikoyatoa, baba. Mwambie aliyekutuma nyumba hii haina pa kuyaweka."

Dereva alibishana kidogo, halafu akageuza. Ruwaida alipiga simu siku ile mpaka betri ya Asmaa ikaisha. Baadaye aliacha kupiga, akawa anatuma sauti: mara ya kuomba msamaha, mara ya kulaumu, mara moja ya mtoto wake akimsalimu mama mkubwa. Asmaa alisikiliza ile ya mtoto peke yake, akairudia.

Kazi zilirudi. Watu wa Kihesa walioa tena, na wa Gangilonga, na Asmaa akapika. Lakini waliomjua waliona jambo. Zamani ukimwingilia jikoni alikupa kijiko uonje chumvi; sasa alifunga mlango. Na Faustina, aliyezoea kusikia habari za Ruwaida kila asubuhi, amefanya nini, watoto wamepita darasa gani, hakulisikia tena jina lile likitajwa uani.

Iddi iliyofuata gari la Farhan lilisimama mbele ya baraza jekundu. Wakashuka wote: Farhan na kanzu yake, watoto, na Ruwaida amebeba sinia la kaimati lililofunikwa. Asmaa aliwapokea. Aliwabusu watoto, alimsalimu shemeji yake, alimpa mdogo wake mkono. Aliwatandikia mkeka mzuri sebuleni, akawaletea maji ya kunawa, akaleta wali, nyama, kachumbari, na kila mtu akasifu. Hakuna aliyeona kasoro kwenye chakula kile, kwa sababu hakikuwa na kasoro.

Walipomaliza, Ruwaida alianza kukusanya sahani, kama alivyofanya katika nyumba ile tangu alipoweza kushika sahani. Akazibeba, akaelekea mlango wa nyuma.

Asmaa alikuwa amesimama hapo tayari. Alizipokea zile sahani mikononi mwake, taratibu, akahakikisha hazigongani.

"Kaa, mama," alimwambia, kwa upole ule ule anaowatumia watu wa mbali. "Mgeni wangu hanioshei vyombo."

Akaingia jikoni, akaufunga mlango. Ruwaida alibaki mbele ya ule mlango, mikono mitupu, mpaka Farhan alipomwita kutoka sebuleni kumuuliza kama chai iko tayari.